Iringa mjini: pa kutazama, pa kula na pa kununua

Wengi tunaijua Iringa kama mji wa kulala usiku mmoja kabla ya kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, au tunauona juu mlimani basi la Mbeya linapopita Ipogolo. Mimi nimekaa huko na kuuzunguka mji kwa miguu, na naona kwamba anayeupita hivyo anajinyima.

Ningemshauri mgeni aanze na Makumbusho ya Boma, jengo ambalo Wajerumani walilijenga mwaka 1900 kama hospitali ya kijeshi na ambalo limekuwa makumbusho tangu 2016. Vyumba vyake si vingi, lakini vimepangwa kwa akili, na mwongozaji wetu alikuwa na subira hata kwa watoto waliouliza swali lile lile mara kwa mara. Sababu ya kuanzia hapa ni kwamba makumbusho ya Kalenga, kijiji cha nje ya mji ambako fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, limehifadhiwa baada ya kurudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, ni mahali padogo sana; asiyejua Wahehe walivyowapiga Wajerumani mahali paitwapo Lugalo mwaka 1891, na ngome ya Kalenga ilivyoanguka miaka mitatu baadaye, atatazama kabati la kioo na kuondoka.

Kwa chakula, mgahawa wa Neema Crafts ndio ulionivutia zaidi. Kituo hiki kilianzishwa mwaka 2003 chini ya Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Ruaha, kwa ajili ya kuwapatia kazi watu wenye ulemavu, na wahudumu wa mgahawani ni viziwi. Unaandika unachotaka kwenye karatasi, mhudumu anasoma, anakuonyesha kwa ishara kama kipo au kimekwisha, na mambo yanakwenda. Kahawa ni nzuri na keki ni nzuri zaidi. Anayetafuta ugali mkubwa wa kushibisha afadhali aende kwa mama ntilie wa karibu na soko, ambako maharage na mboga za majani hupikwa vizuri kwa bei ya chini. Katika duka la Neema nilishika karatasi iliyotengenezwa kwa kinyesi cha tembo: ina nyuzinyuzi zinazoonekana, ni ngumu kidogo, na haina harufu yoyote.

Vikapu, hata hivyo, nilivinunua sokoni. Vikapu vya Iringa vinasukwa na akina mama kwa milulu, aina ya matete, na ubora wake unatofautiana sana, kwa hiyo usiridhike na rangi. Kigeuze utazame kitako, kwa sababu huko ndiko msukaji mwenye haraka hujulikana. Kisha vuta mkono wa kikapu kwa nguvu na ubonyeze ukingo uone kama unarudi mahali pake. Mama niliyenunua kwake hakukasirika hata kidogo nilipofanya hivyo, bali alinichagulia kingine kilichobana zaidi. Msalimie kwa “kamwene”, salamu ya Kihehe, kabla ya kuulizia bei, maana kuanza na bei huko ni kukosa adabu.

Ulanzi, pombe ya utomvu wa mianzi, unataka msimu wake, yaani wakati wa mvua, mianzi inapochipua. Nilionja ule wa siku hiyo hiyo, mtamu na mwepesi, nikaupenda. Katika klabu nyingine pembezoni mwa mji niliuziwa uliokwisha kuchacha huku nikihakikishiwa kwamba ni mpya. Tangu hapo naomba nionje kidogo kwanza, na muuzaji mwaminifu hakatai.

Jiwe la Gangilonga halihitaji maelezo marefu: panda jioni, ukiwa na mwenzako, na uvae viatu visivyoteleza. Isimila, umbali wa kilometa 20 hivi kwenye barabara ya Mbeya, iache kwa asubuhi ya siku ya pili, kwa kuwa korongo lile lenye nguzo za udongo na zana za mawe za kale lina kivuli kidogo, na ikifika saa sita jua linachoma kweli.