Mafundi wa chokaa katika nyumba ya babu, Kiponda: uzoefu wangu

Nyumba yetu ya Kiponda, mtaa wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, aliijenga baba yake babu, miaka ya mwanzo ya karne ya 20, kwa fedha ya karafuu na mbata. Chini duka, juu watu. Shangazi zangu wawili wanaishi humo mpaka leo, na kwa miaka mingi walilala chumba kimoja kwa sababu cha pili kilikuwa kikivuja maji ukutani hata wakati wa jua kali. Mwezi wa Juni tuliita kikundi cha mafundi wa chokaa. Naandika kwa ajili ya mwenye nyumba kama hii anayejiuliza amwite nani.

Kosa tulilianza wenyewe. Kabla yao tulimchukua fundi mwengine, akabandua plasta ya zamani upande wa uani na kupiga saruji kutoka chini hadi juu. Mwaka wa kwanza ilipendeza sana. Halafu ukuta ukavimba, chumvi nyeupe ikachipuka kama unga, plasta ikawa inaanguka mabamba mabamba, na kila bamba likianguka linaondoka na jiwe lake.

Mkuu wa mafundi wa chokaa alipokuja hakushika mwiko. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akahamia hatua moja, akagonga tena. Mwisho akamwambia shangazi mkubwa, "Mama, ukuta huu mmeuziba pumzi."

Akatukalisha barazani kutueleza. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo mwekundu. Zetu unene wake unafika nusu mita. Jiwe lile lina vitundu, linanyonya maji ya ardhini na unyevu wa bahari. Chokaa huuachia ule unyevu utoke nje, ukuta ukakauka. Saruji huufungia ndani: chumvi inajikusanya nyuma ya plasta, udongo unalainika, na vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani vinaoza pasipo mtu kuona. Walipobandua saruji walikuta boriti tatu vichwa vyake vimekuwa kama unga wa msumeno, juu kabisa ya kitanda cha shangazi. Sote mjini tunaikumbuka tarehe 25 Disemba 2020, Beit al-Ajaib, jumba la kale la masultani, ilipoporomoka upande wa mbele na roho za watu zikapotea. Nilipoziona boriti zile nilikaa chini kwenye ngazi, miguu haina nguvu.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba mafundi hawa wanaisoma nyumba. Nilikulia humo nikijiuliza kwa nini vyumba ni virefu na vyembamba kama ushoroba. Kumbe upana wa chumba unaamuliwa na boriti ya mkoko, na boriti haizidi sana mita tatu. Chumba cha mbele, cha wageni, ndicho kipana peke yake, na wakatuonyesha sababu: dari yake imebebwa na mihimili miwili ya chuma, ambayo wakati ule wenye uwezo walishaanza kuinunua. Ua wa katikati, vyumba vikiutazama, ni wa Kiarabu. Roshani ya mbao iliyotobolewa maua, inayoangalia njia, hiyo ni mkono wa Kihindi, na vioo vyake vya rangi tulivikuta chini ya tabaka za rangi ya mafuta. Baba wa babu alichukua kila alichokipenda kwa majirani zake akakiweka katika nyumba moja.

Na lile shubaka! Siku ya tisa kijana mmoja aligonga mahali, pakatoa sauti ya uwazi. Wakafungua taratibu, likatokea shubaka dogo lenye tao, limezibwa kwa mawe na saruji. Shangazi mkubwa alisimama mbele yake kimya kwa muda, kisha akasema, "Mama akiweka taa ya chemni hapa." Alikuwa amesahau kabisa mpaka alipoliona. Leo msahafu wake unakaa humo.

Kazi yenyewe ni ya subira. Chokaa huzimwa kwa maji na kulazwa shimoni kabla ya kutumiwa. Inapigwa tabaka jembamba, inasubiriwa, inapigwa jengine, na ukuta unafunikwa magunia mabichi ili jua lisiukaushe kwa pupa ukapasuka. Ilichukua wiki sita. Mbili kati ya hizo tulikaa bure tukisubiri boriti, maana mikoko haikatwi kiholela, na nadhani wangeziagiza mapema wangetuokolea siku. Pia waliurushia chokaa mlango wa mbele, wakaacha madoa kwenye nakshi za mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, na misumari ya shaba. Tuliusafisha wenyewe kwa siku mbili, na mlango ule ndio roho ya nyumba. Gharama ilizidi ile ya saruji. Lakini saruji tumeilipia mara mbili: kuipiga na kuibandua.

Kibali kilitoka Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Nakusihi usiguse hata bamba moja la ukuta kabla ya kukipata, na waulize huko huko kuhusu chokaa.

Ningewaita tena? Nimeshawaita. Roshani inawasubiri, na tumekubaliana waje kipupwe, kwa sababu wakati wa masika chokaa haikauki. Ukitaka wakutazamie nyumba yako, zungumza nao mapema, mvua ikiwa bado iko mbali. Shangazi mdogo amerudi chumbani kwake tangu mwisho wa Julai. Asubuhi hupitisha kiganja ukutani, na kinatoka kikavu.