Nilitolewa mtoto wa jicho hapa Mbeya: ninachosifu na ninacholalamikia

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda Mwanjelwa, umri miaka 57. Jicho la kulia lilianza kunichezea shere kwenye rangi. Mama mmoja alinirudishia sketi za shule za wanawe: kitambaa bluu iliyokoza, uzi nimeweka mweusi. Nikabishana naye hadi kijana wangu wa kazi akanivuta pembeni, "Mzee, mama anasema kweli." Nilifumua zote, nikashona upya bure.

Kwanza nilidhani miwani imechoka. Nikanunua nyingine kwenye turubai la mtaani, kisha nyingine tena. Jirani naye akanipa matone aliyonunua duka la dawa. Hospitalini ndipo nilipogombezwa: baadhi ya matone hayo yana steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, na ukiyatumia muda mrefu bila kusimamiwa yanaweza kupandisha presha ya macho, hata kuleta mtoto wa jicho. Presha hiyo mara nyingi haiumi, na kuona ulikopoteza kwa ajili yake hakurudi. Wa kwangu afadhali, anatolewa.

Walinipima presha, wakanitia matone ya kupanua mboni (nendeni na kofia na mtu wa kuwashika mkono, mimi nilirudi kwenye bajaji jua la saa nane likinichoma), halafu wakapima urefu wa jicho kwa kifaa cha mawimbi ya sauti ili kujua nguvu ya lenzi ya kuweka.

Nilikuwa nimesikia kwamba jicho hutolewa nje, likasafishwa, likarudishwa. Uongo mtupu. Kilichouma ni sindano ya ganzi kando ya jicho, basi. Baada ya hapo niliona mwanga na kuhisi maji maji, kama dakika 20 hivi. Wanapasua kidogo, wanatoa lenzi iliyoingia ukungu, wanaweka ya bandia. Kidonda changu hakikushonwa, kinajifunga chenyewe. Kwa ufundi wangu ilibidi nimuulize daktari mara mbili kama kweli haachi hata mshono mmoja. Akacheka. Ndiye aliyenisimulia kwamba lenzi hizi alizianzisha Mwingereza Harold Ridley, London, mwaka 1949, baada ya kuona vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege vikikaa kwenye macho ya marubani wa vita bila kuleta shida kubwa.

Kesho yake bandeji ilipotoka nilitazama shuka la kitanda. Jeupe! Kumbe kwa miaka nilikuwa nawauzia watu kitambaa cheupe nikikiita maziwa. Hadi leo nikifumba la kulia, nikitazama kwa la kushoto peke yake, dunia inakuwa kama imelowekwa kwenye chai ya rangi.

Malalamiko sasa. Niliambiwa nifike saa 12 asubuhi, na baridi ya Juni mnaijua. Nikaingia chumba cha upasuaji saa tisa alasiri, na katikati hakuna aliyekuja kutuambia lolote. Hilo nimesamehe. Ambalo sijasamehe ni kwamba hakuna aliyeniuliza nafanya kazi gani. Lenzi ya bandia ya kawaida haijivuti kama ile ya kuzaliwa, inaona vizuri umbali mmoja tu, na yangu iliwekwa ya mbali. Namba ya bajaji naisoma kutoka ng'ambo ya barabara, ila tundu la sindano silioni bila miwani ya kusomea, plasi mbili na nusu. Kumbe ningeweza kuomba ya karibu, nikavaa miwani ya kutembelea. Semeni kazi zenu kabla ya kupimwa.

Jingine: matone yalikwenda zaidi ya mwezi, na wiki mbili za mwanzo sikuruhusiwa kuinama wala kubeba kitu kizito. Kibanda kilifungwa, na vumbi letu hili lilinilazimisha kuvaa miwani ya jua hata sebuleni.

Binti yangu anauliza kama ile ya mionzi ya kuondoa miwani ndiyo hii. Siyo. Ile inachonga kioo cha mbele ya jicho, mtoto wa jicho haimgusi.

La kushoto nimepanga Februari, sare za Januari zikishaisha. Safari hii naingia kwa daktari na sindano na uzi mfukoni.