Gia za kujikinga wakati wa kukata majani: ununue wewe au kila kibarua aje na zake?

Sisi wa kukata majani na kutunza bustani huku Mbeya, watu watatu wanne na mashine mbili, wengi tunaenda na hiyo ya pili kwa sababu ni bure. Bure mpaka siku jiwe liruke. Mi liliruka Uyole, ni masika, majani marefu chini huoni kitu, kijana wangu kavaa ndala na miwani ya jua ya mtumba, kokoto ikapiga kioo kikapasuka vipande, jicho likapona kwa bahati tu jamani.

Kununua mwenyewe inauma, sikatai. Gambuti, miwani ya plastiki ngumu, glavu, vya masikio (kelele ya mashine ya petroli inapita desibeli 85, kiwango cha kuumiza masikio ukikaa nayo muda mrefu, kirahisi sana), ila unajua nani kavaa nini na kibarua akihama vinabaki kwako. Halafu Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtwisha mwajiri hilo zigo, na eneo la kazi unatakiwa usajili OSHA (wakala wa serikali wa usalama na afya kazini), so ile "si alikuja na vyake" haikusaidii. WCF, ule mfuko wa fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini, nayo hivyo hivyo, mchango unatoa wewe, humkati kibarua mshahara.

Kwangu imeshaisha, nanunua. Isipokuwa gambuti, hizo nampa hela akajichagulie Mwanjelwa, maana saizi nikikisia mimi anazivua saa nne asubuhi anabaki peku.