Chaja ya Boti: Kabla Hujauliza Bei, Uliza Kama Ina Feni

Chaja yenyewe iko mezani hapa ninapoandika. Jana alasiri niliifungua kwa bisibisi barazani, ami yangu akiwa kando na kahawa yake, kimya, kama mtu anayetazama maiti ikioshwa. Mabawa ya feni yameganda chumvi. Nimeyasukuma kwa kidole, hayazunguki. Chini yake bodi imekuwa kijani kama sufuria ya shaba isiyosuguliwa mwaka mzima, na kuna mguu mmoja wa waya umelika hadi ukakatika palepale unapoingia kwenye bodi. Niliinunua Mombasa kwa shilingi 6,500. Nimeitumia miezi mitano.

Na haikuwahi kupanda boti hata siku moja. Hilo ndilo lililoniuma. Ilikaa bandani hapa Lamu, hatua thelathini kutoka majini, imetundikwa ukutani juu ya nyavu. Tukirudi baharini betri inashushwa, inawekwa chini yake, asubuhi inachukuliwa imejaa. Ndivyo tulivyodhani. Feni ilipokwama chaja ikawa inapata moto na kujipunguzia umeme yenyewe, huku taa ya kijani ikiwaka vilevile. Ami akatoka na vijana wawili kuvua changu nje ya Manda Toto, na saa nane usiku taa ikaanza kufifia, kisha jipiesi, ile ya kuonyesha njia, ikazima. Walirudi alfajiri kwa kufuata taa za mji na tochi ya simu. "Mwanangu," aliniambia, "hii chaja yako imejaza betri maneno."

Kisa hicho cha usiku niliwahi kukiandika, na tangu hapo nimepokea jumbe nyingi, kutoka Kizingitini, Faza, hata Malindi, na karibu zote zinauliza swali moja: ninunue chaja ya ampea ngapi? Ampea ni rahisi. Kwa betri ya maji, ile ya risasi na asidi, gawanya AH (ampea-saa, yaani ukubwa wa betri) kwa kumi upate ya chini, gawanya kwa tano upate ya juu. Betri ya AH 60 inataka chaja ya ampea 6 hadi 12. Basi. Muuzaji yeyote atakwambia hivyo. Asilokwambia ni kwamba feni ni pua. Inavuta hewa ya nje na kuipuliza juu ya bodi mchana na usiku, na hewa ya Lamu wakati wa kusi unaijua: ukiacha kioo cha dirisha siku tatu unaweza kuandika jina lako juu yake. Fundi wa bara aliyetengeneza ile chaja aliiwazia gereji. Hakuwazia banda la pwani.

Kwa hiyo sharti langu la kwanza, na karibu la pekee: isiwe na tundu. Igeuze chini juu ukiwa dukani. Ukiona matobo ya hewa au wavu wa feni, irudishe. Halafu tafuta herufi IP na tarakimu mbili, zinazosema chaja inazuia vumbi na maji kiasi gani. IP22 maana yake inavumilia matone yanayodondoka kutoka juu, si zaidi. IP65 haiingii vumbi na inastahimili maji yanayorushwa kwa mpira wa bomba. IP67 inaweza kuzama mita moja kwa nusu saa ikatoka nzima.

Ninayoipenda mimi ni Victron, Blue Smart ya IP67, na sitajifanya nimeipima kwa usawa na nyingine. Ni kampuni ya Uholanzi, iko tangu 1975, na chaja hii ni kipande cha alumini ambacho ndani kimemwagiwa utomvu mgumu mpaka bodi yote imezama humo. Chumvi itapitia wapi? Haina feni, haina swichi, haina tundu. Kuna ya ampea 7, ambayo inatosha boti nyingi za huku, na ya 13. Unaiangalia kwa simu: volti ngapi, ampea ngapi zinaingia, imemaliza au bado. Ile taa ya kijani ya uongo imenifanya nipende tarakimu. Na ukihamia lithiamu kesho, unabadilisha mpangilio kwenye simu, hununui chaja nyingine.

Lakini angalieni, maana hapa ndipo watu wanapotapeliwa na macho yao. Victron hiyohiyo, jina lilelile la Blue Smart, rangi ileile ya buluu, ina ya IP22 ambayo ni rahisi zaidi, na ina feni. Ni chaja nzuri kabisa, kwa mtu wa Nakuru. Msomaji mmoja alinipigia picha akiwa dukani, anafurahi ameipata kwa bei ya chini. Nilimwambia aiache hapo alipoikuta.

Ya pili ni CTEK MXS 5.0, ya Uswidi, IP65, haina feni, inaingia mfukoni mwa koti. Ni ampea 5 tu, kwa hiyo kama betri ni ya AH 60 na umeirudisha nusu, ipe usiku mzima. Ni ya betri za risasi, yaani ya maji, jeli na AGM (ile ambayo asidi imefyonzwa kwenye mkeka ndani). Kwa lithiamu wana nyingine, usilazimishe hii. Ya tatu ni NOCO Genius 10, IP65 pia. Sina ugomvi nayo, ila sijaishi nayo.

Za shilingi elfu mbili tatu zenye mshale wa kucheza na feni ya kulia kama mbu: hapana.

Betri nayo? Piga hesabu kabla ya kuingia dukani, usipigiwe. Sisi tuna taa mbili za LED za wati 10, zinawaka kwa muda wa saa nane: wati-saa 160. Jipiesi yenye kutafuta samaki, wati 10 kwa saa kumi: 100. Simu tatu, tuseme 45. Jumla 305, gawanya kwa 12, unapata kama AH 25 kwa usiku mmoja. Betri ya maji usiile chini ya nusu ukitaka ikae, kwa hiyo AH 50 ni lazima, 60 ni raha. Nunua ya sola, yenye bamba nene, usinunue ya gari. Ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, ukiifanyisha kazi ya taa usiku kucha inakufa upesi. Chloride Exide ya sola inatengenezwa hapahapa Kenya na ndiyo tuliyonayo.

Lithiamu ni bora, sibishi. Ya AH 100 ina kilo kumi na kitu, wakati ya maji ya ukubwa huo inakaribia thelathini, na mgongo wa kuishusha ni wa ami. Lakini kabla hujaikopea pesa, nunua chaja kwanza. Na betri ya maji isikae ngamani. Maji ya bahari yakiingia ndani yake inatoa gesi ya klorini, ile ya kukaba koo. Ifunge kwenye sanduku juu, upande wa tezi, lenye mwanya wa kupumua, na kuichaji shusha bandani. Stima ya volti 240 na miguu iliyolowa ni vitu viwili visivyokutana.

Wenye paneli ya sola juu ya boti, ile kontrola inayokaa kati ya paneli na betri nayo ni chaja. SmartSolar 75/10 au 75/15, tena Victron, haina feni. Sehemu ya kufungia waya ndiyo iliyo wazi, kwa hiyo itundike waya ziingie kutokea chini na uipake grisi. Na hapa niruhusuni nilie kidogo. Nimeuziwa kontrola imeandikwa MPPT, ile aina bora inayokamua paneli zaidi, kwa herufi kubwa usoni, nikaifungua, ndani ni PWM, ile ya kawaida ya bei rahisi, haina hata koili moja. Koili ni donge la waya wa shaba kama yai, huwezi kulikosa. Niliporudi na kontrola hiyo, kijana wa dukani akaniambia, "Mama, hilo ni jina tu." Jina tu! Basi noti yangu ya elfu nayo ilikuwa karatasi tu.

Kuhusu ile chaja iliyokufa, nilipiga simu duka lilelile. Waranti ni mwaka mmoja, risiti ninayo, kadi ninayo. Nikaulizwa natokea wapi. Nikasema Lamu. "Aa, waranti haihusiani na maji ya bahari." Nikamwambia haijagusa maji ya bahari. "Lakini iko karibu na bahari?" Ndugu yangu, na duka lako je, liko wapi? Si Mombasa? Au siku hizi Mombasa wameihamishia Machakos?

Halafu ongeza basi hadi Mokowe, boti ya kuvushia, punda wa kupandishia Langoni, na kila mkono unataka chake. Ndiyo maana sinunui mara mbili. Ya IP67 imenigharimu zaidi ya mara nne ya ile ya feni, niliagiza Nairobi, na mume wangu bado hajaambiwa jumla.

Ya zamani mpwa wangu ameiomba. Anataka kukata vibanio tu.