Nilivyomkabidhi wakala wa akili unde marejeleo yangu 1,412

Nina marejeleo 1,412 kwenye Zotero, programu ya kutunza na kupanga marejeleo ya utafiti. Nimeyakusanya kwa miaka sita, tangu uzamili hadi sasa ninapoandika tasnifu ya uzamivu kuhusu kamusi za Kiswahili. Mengine niliyaandika kwa mkono wangu nikiwa maktabani, mengine niliyadaka kwenye kivinjari usiku bando likikaribia kuisha, yote yakarundikana sehemu moja. Mwezi uliopita nikamkabidhi kazi ya kuyapanga wakala wa akili unde, yaani programu unayoiagiza kwa maneno ya kawaida nayo inaingia Zotero yenyewe na kutenda.

Kwanza nilimpa ufunguo wa kusoma tu. Unautengeneza kwenye mipangilio ya akaunti yako ya Zotero mtandaoni: unaruhusu maktaba isomwe, ruhusa ya kuandika unaiacha imefungwa. Nikamwambia kwa Kiswahili: "Soma vichwa, ikisiri na lebo, nipendekezee mikusanyo isiyozidi kumi na mitano. Usihamishe kitu." Jibu lilikuja baada ya dakika chache, na lilinifurahisha sana. Alitenganisha kamusi zenyewe na makala zinazozihakiki, vitu ambavyo nilikuwa nimevichanganya miaka yote. Akaona pia kwamba makala kadhaa zinastahili kukaa kwenye leksikografia, yaani taaluma ya kamusi, na kwenye lahaja kwa pamoja. Zotero hailazimiki kunakili chochote kwa hilo. Rejeleo linabaki moja, linaonekana tu mahali pawili.

Kwenye mambo yetu wenyewe, hata hivyo, anahitaji mtu wa kukaa naye. Aliweka "utenzi" mkusanyo mmoja na "utendi" mwingine kana kwamba ni tanzu mbili, hadi nilipomweleza kuwa ni neno lile lile na kwamba utendi ni matamshi ya kaskazini, ya akina Lamu. Alitaka pia kila palipoandikwa TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) paandikwe TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili), kwa kuwa taasisi ilibadilika mwaka 2009. Nilikataa. Kamusi ya 1981 ina jina la TUKI juu yake, na ndivyo inavyonukuliwa.

Majina ndiyo yaliyonichosha. Muyaka bin Haji alimkata vipande viwili: "Haji" likawa jina la ukoo, "Muyaka bin" likawa la kwanza. Kwa hiyo Muyaka wa Mombasa akaangukia herufi H, ambako hakuna msomaji wa ushairi atakayemtafuta. Mwana Kupona binti Mshamu alimwacha kwenye M, ila ni M ya Mshamu. Pembeni ya sehemu ya jina la mwandishi Zotero ina kitufe kidogo cha kuliandika jina zima katika kisanduku kimoja. Nikamwagiza afuate njia hiyo kwa kila jina lenye bin au binti. Tangu nimpe kanuni hiyo hajakosea tena.

Kosa lililoniuma lilitokea nilipomfungulia ruhusa ya kuandika. Nilimwambia tu, "Ondoa marudio." Kamusi ya Kiswahili Sanifu ninayo kwa matoleo yake, la 1981, la 2004 na la 2013. Jina la kitabu ni hilo hilo. Yeye akaona la 1981 na la 2004 ni kitu kimoja, akahamishia madokezo yangu yote kwenye la 2004, lile la 1981 akalitupa kwenye pipa. Tasnifu yangu inalinganisha matoleo hayo hayo. Nilipofungua nikakuta "uk. 57" mara mbili, dokezo juu ya dokezo, sijui lipi ni la kitabu kipi, mikono ikaanza kunitetemeka. Kulitoa toleo la 1981 pipani kulikuwa rahisi, ila madokezo hayakurudi nalo. Kilichoniokoa ni nakala ya folda nzima ya Zotero niliyoiweka kwenye flashi asubuhi ile. Bila hiyo ningekaa na kamusi mbili mezani nikifuatilia ukurasa kwa ukurasa.

Sasa ananiletea orodha kwanza, vitu ishirini kwa mkupuo, naisoma ndipo namwambia endelea. Marudio nayaunganisha mwenyewe.

Kwa mwenye marejeleo mia moja sioni haja ya kumtumia. Keti jioni moja utamaliza. Kwa mwenye mamia na zaidi nampendekeza kwa moyo wote. Jioni nne zilitosha kwa kazi niliyoiahirisha tangu uzamili, na leo nikitaka makala za uundaji wa istilahi nazipata zote pamoja.

Zimebaki PDF 63 za makala za zamani zilizoskaniwa kama picha, hazina maandishi ya kusomeka kwa kompyuta. Alikuwa anazikisia kwa jina la faili, nikamkataza. Ziko kwenye mkusanyo unaoitwa "Bado". Kila Jumamosi nafungua kumi, nasoma kurasa za mwanzo, naziweka mahali pake.