Feni ya paa kwenye wodi ya zahanati: kifaa kizuri, kazi yake ndogo

Feni za alumini zinazozungushwa na upepo, zile zinazokaa juu ya bati kama kilemba, zinauzwa Dodoma kwa maneno matamu: moja inatosha wodi nzima. Haitoshi. Yenye koo, yaani shingo inayopitisha hewa, la kipenyo cha milimita 300 ina tundu la mita ya mraba 0.07. Hewa ikipita humo kwa kasi ya mita 1 kwa sekunde, zinatoka lita 70 kila sekunde. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2009 unataka lita 60 kwa sekunde kwa kila mgonjwa wa wodi ya kawaida. Umenunua hewa ya mtu mmoja.

Madirisha mawili yanayotazamana, kila moja likifunguka mita ya mraba 1, hupitisha lita 650 hivi kwa sekunde upepo wa nje ukivuma mita 1 kwa sekunde, na Dodoma upepo si wa kutafuta. Ndivyo zilivyojengwa hospitali za Lariboisière ya Paris (1854) na St Thomas' ya London (1871): wodi nyembamba, silingi ya juu, madirisha pande zote mbili. Wajenzi wa enzi hizo waliamini hewa chafu ndiyo inayozaa maradhi. Sababu waliikosea, jengo wakalipatia. Vipimo vya hospitali za Lima, Peru, vilivyochapishwa 2007 vilikuta kwamba, madirisha na milango ikiwa wazi, majengo ya kabla ya 1950 hubadilisha hewa mara 40 kwa saa, ya kisasa mara 17.

Feni inafaa usiku, hasa Juni na Julai, baridi inapofanya madirisha yafungwe. Lakini lazima hewa iwe na pa kuingilia: weka luva (tundu lenye vibao vya mshazari) ukutani, eneo lake lisipungue lile la koo. Bila luva feni itazunguka na isivute kitu. Shika kipande cha tishu kwenye tundu la silingi. Kisiponyanyuka, unatazama pambo.

Mafundi wengi hutoboa bati wakaiacha silingi bodi nzima, feni ikabaki kupoza nafasi iliyo kati ya bati na silingi. Bomba lishuke mpaka silingi. Ukingo wa juu wa bati la kuzuia maji uingie chini ya kofia ya paa, lile bati la kileleni. Ukitegemea silikoni peke yake, siku moja itaachia na mvua za Desemba zitakuonyesha. Chagua beringi zilizozibwa, maana vumbi la huku hula zilizo wazi na kelele zake haziruhusu mgonjwa kulala.

Kama upande mmoja wa wodi ni ukuta mtupu, toboa dirisha kwanza. Feni baadaye.