Tundu limekaa upande, naambiwa ndiyo raha ya santuri

Ninamiliki santuri tangu sijaota ndevu, na miaka yote hiyo sikuwahi kukaa chini kumlalamikia muuzaji. Leo nimekaa.

Niliagiza mtandaoni toleo jipya la albamu ya piano, maana nakala yangu ya ujanani imepigwa mpaka imechakaa. Ufungashaji nausifu: kasha gumu, kona hazikupondeka, jalada bado linanukia wino. Nikaitoa kama alivyonifundisha mjomba, kidole gumba ukingoni, vidole vingine vikishikilia lebo, uso wenyewe mwiko. Mjomba alikuwa mpole kwa mambo yote isipokuwa hilo. Ukiacha alama ya kidole kwenye santuri yake, wiki nzima unasikiliza ukiwa umesimama mlangoni.

Nikashusha sindano. Mchakacho kidogo, kisha piano. Haikupita muda nikaanza kuhisi kichefuchefu. Kila noti ndefu ilikuwa inapanda na kushuka, kama mpigaji amelewa na kiti chake kina magurudumu. Nikailaumu mashine yangu, Mungu anisamehe. Kisha nikainama nikautazama mkono wa sindano kwa ubavuni: unakwenda kushoto, unarudi kulia, kushoto, kulia, kila mzunguko bila kukosa. Tundu la katikati halikuwa katikati.

Asiyejua ataona ni kitu kidogo. Santuri ya 33 na theluthi, yaani mizunguko kwa dakika, humaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 1.8. Tundu likihama nusu milimita tu, mtaro uliobeba sauti unapita chini ya sindano mara haraka, mara polepole, na sikio halidanganyiki. Halafu kadiri sindano inavyosogea kwenye lebo, duara linakuwa dogo na kosa lilelile linazidi kuuma. Wimbo wa mwisho wa upande A, ambao ndio hasa nilioununulia albamu nzima, ulikuwa unalia kama mbuzi.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Jibu: "Mzee wetu, hiyo ni kawaida ya santuri, ndiyo raha yake. Pia bidhaa iliyofunguliwa hairudishwi."

Nilisoma mara tatu. Kwanza, nani kakwambia mimi ni mzee? (Ni mzee, lakini nani kakwambia?) Pili, tundu lililokaa upande nitalisikiaje bila kufungua nailoni, nilambe? Nikamtumia video ya mkono ukiyumba. Akanirudishia alama ya kopa na maneno kwamba nikitaka sauti safi, albamu hiyo ipo kwenye simu.

Hapo ndipo nilipokosa usingizi. Kijana huyu anadhani sisi tunapenda ubovu! Mchakacho nauvumilia, sijawahi kuupenda. Ninachopenda ni kuinamisha santuri kwenye taa nikaona, kwenye ule ukanda mtupu kabla ya lebo, herufi zilizokwaruzwa kwa mkono na fundi aliyeichonga. Napenda kwamba baada ya dakika ishirini hivi lazima niinuke nikageuze, hata kama nimeshajilaza. Zangu nazitambua gizani kwa ukingo wa jalada. Simu ina nyimbo zote za dunia na sijawahi kuipangusa kwa brashi nikiwa nimebana pumzi.

Sinunui tena kwao. Hivyo ndivyo nilivyoapa usiku ule.

Asubuhi nikapiga upande B ili hasira ikamilike, na upande B ulikuwa umenyooka kabisa. Pande mbili zinaweza kutofautiana, kila moja ina bamba lake la kugandamizia, moja likikaa vibaya jingine linaweza kukaa sawa. Na sauti yake, nasema kweli, inaizidi nakala yangu ya zamani. Mkono wa kushoto wa mpigaji, ambao kwenye ya zamani nilikuwa nausikia kama yuko chumba cha pili, umekaa nami sebuleni. Nikaanza kuandika upya barua ya matusi, nikaifuta.

Nikachukua tupa ndogo ya duara. Nikatandika kitambaa, nikalisugua tundu upande mmoja tu, punje kwa punje, nikipangusa unga mweusi kabla haujaingia mitaroni. Mikono ilikuwa inatetemeka, maana ukizidisha umekwisha. Sasa tundu ni pana kidogo. Nikipiga upande A naisukuma santuri kwa kidole gumba mpaka mkono utulie. Nikigeuza upande B nairudisha ilipokuwa. Mbuzi amenyamaza.

Nilikuwa nimeweka nyota moja. Nimeongeza ya pili kwa ajili ya fundi aliyechonga upande B. Kijana wa huduma kwa wateja hana nyota yoyote hapo, na hela yangu bado naidai.